Panya wa maabara kukimbizwa kwa shoti ya umeme: vile vipimo vya sukari na lakteti tuviamini?

Wadau tujadili hili kwa hoja. Kuna madai yanazunguka kwamba kuchanganya mbio ndefu na mazoezi ya nguvu kunaweka sukari sawa kuliko mbio peke yake, ukiuliza ushahidi unaambiwa panya walipimwa. Mazoezi sipingi hata kidogo, msuli ukifanya kazi unavuta sukari kwenye damu hata bila kusubiri insulini. Shida yangu ni namna vipimo vinavyopatikana.

Panya anawekwa kwenye mashine ya kukimbilia, nyuma yake kuna vyuma vyenye umeme, akichoka akarudi nyuma anapigwa shoti. Au anatiwa kwenye tangi la maji na kizito mkiani, mara nyingi kama 5% ya uzito wake, aogelee mpaka aishiwe nguvu. Kisha anatobolewa ncha ya mkia, tone la damu linaenda kwenye kipimo. Sasa hapo umepima mazoezi au hofu? Mnyama akiogopa adrenalini (homoni ya mshtuko) inapanda, ini linamwaga akiba yake ya sukari kwenye damu, na msuli unavunja glukosi (hiyo hiyo sukari) kwa kasi, lakteti, yaani kinachotokana na huko kuvunjwa, nayo inapanda. Tena panya ni mnyama wa usiku, na mara nyingi anakimbizwa mchana muda wake wa kulala!

Mtasema kuna kundi la kulinganisha. Sawa, ila kama lile kundi linakaa tu kwenye kizimba bila kuguswa, halijaonja hiyo hofu, kwa hiyo tofauti unayoiona ni ya vitu viwili vilivyochanganyika. Na kumzoesha mashine siku kadhaa kabla kunasaidia, lakini shoti haizoeleki.

Halafu lakteti sio uchafu. Ini linaigeuza kuwa sukari tena, ule mzunguko wenye jina la Carl na Gerty Cori, mke na mume waliopata Nobel 1947. Ndiyo maana kupima mara moja tu baada ya zoezi hakutoshi, fuatilia mpaka mnyama apumzike.

Nakubali kipande cha ini huwezi kumkata mtu hovyo, hapo panya ana nafasi yake. Lakini mpe gurudumu kizimbani, usiku anakimbia mwenyewe kilomita kadhaa bila kulazimishwa. Na kwa sukari na lakteti za damu tu, binadamu aliyeridhia anatobolewa kidole, basi. Mnaofanya kazi maabara, shoti bado inahitajika kwa lipi?