Kindege changu cha propela KSP kinagoma kuongeza kasi na kinalalia kushoto, msaada wakuu

Kipanga_Mdogo: Wakuu habari za jioni. Naunda kindege chepesi cha umeme kwenye Kerbal Space Program (KSP, mchezo wa kompyuta wa kuunda na kurusha vyombo vya anga), na ninayo ile nyongeza ya Breaking Ground yenye rota (mota ya kuzungusha) na mapanga ya propela. Lengo nikipeleke Duna, sayari nyingine ya mchezo, ambako jeti haziwaki kwa kuwa hewa haina oksijeni. Kwa sasa nakijaribia hapa hapa Kerbin, sayari ya nyumbani. Rota moja puani, mizunguko 460 kwa dakika (ndio mwisho wake), mapanga mawili, upana wote kama mita 3, nimeyalaza digrii 25. Uzito tani 1.9. Kikifika mita 30 na kidogo kwa sekunde basi, hakisogei zaidi ya hapo hata nifungue moto wote. Halafu kikianza tu kukimbia, bawa la kushoto linataka kulamba lami. Niongeze rota ya pili?

FundiSpana: Usiongeze chochote mkuu. Piga hesabu: kwa 460, ncha ya panga lako inazunguka kwa mita 72 hivi kwa sekunde. Ndege ikienda mbele kwa 34, hewa inaijia ile ncha kwa mteremko wa digrii 25, sawasawa na ulivyolaza panga. Hapo halisukumi kitu tena, linazunguka tu kama skrubu kwenye tundu lililolegea. Ukitaka 60, ncha inahitaji zaidi ya digrii 40.

Kipanga_Mdogo: Kwa hiyo niweke 45 kabisa nimalize kazi?

FundiSpana: Hapana! Ukiwa umesimama, panga la 45 linaipiga hewa kama ubao, hutaondoka. Acha RPM (mizunguko kwa dakika) juu muda wote, ile pembe ya panga ndiyo uiunganishe na vitufe H na N kwenye axis group (sehemu ya kupangia vitufe vya kuendeshea). Anza na 10 au 12, uongeze kadiri kasi inavyopanda. Watu hufunga throttle (kiongeza moto) kwenye RPM kwa mazoea ya gari, ndipo wanapokwama.

dada_wa_anga: Kulalia kushoto ni rota kujibiwa: yenyewe inazunguka huku, mwili unasukumwa kule. Linakuwa kali zaidi rota inapochukua kasi. Shika breki mpaka RPM itulie, ndipo uachie. Kitakachobaki kimalize kwa trim (kuegemeza usukani kidogo ubaki hivyo), Alt na E. Rota mbili za kupingana ni dawa pia, ila utabeba uzito bure.

Na hiyo tani 1.9 umeitoa wapi? Usiniambie umeweka Mk1 Cockpit, kile chumba cha rubani.

Kipanga_Mdogo: Nimeiweka dada 😅

dada_wa_anga: Hiyo peke yake inapita tani moja! Kiti cha wazi, EAS-1, ni kilo 50. Piper Cub ya kweli, ile J-3 ya Marekani, ikiwa tupu ina kilo 345 hivi na injini ya farasi 65, na inaruka vizuri tu.

Kipanga_Mdogo: Nimetoa cockpit, nimeweka kiti. Sasa kinapaa mapema mno, pua inainuka yenyewe mpaka kinapinduka.

FundiSpana: Umeondoa uzito wa mbele, ulitegemea nini? Washa ile mipira kwenye hanga. Wa njano (kitovu cha uzito) lazima uwe mbele ya wa bluu (kitovu cha nguvu ya mbawa). Sogeza betri zote puani, zisipotosha rudisha mbawa nyuma. Raha ya umeme ni kwamba hakuna mafuta ya kupungua, kwa hiyo ukishapanga, mpira wa njano hauhami angani.

dada_wa_anga: Na magurudumu makubwa yakae nyuma kidogo tu ya huo wa njano. Ukiyapeleka mbali, pua itagoma kunyanyuka.

Kipanga_Mdogo: Kimefika 58 na kimetulia. Duna je, kitapaa hivi hivi?

FundiSpana: Uvutano wa kule ni kama asilimia 30 ya huku, ila hewa nyembamba mno. Ongeza mbawa, na usitarajie kutua kwa mwendo wa pole. Weka na parashuti.