Naomba ushauri: king'amuzi kinakataa kutoa picha kwa HDMI

Wakuu, naombeni msaada. Nimeunganisha king'amuzi cha setilaiti na projekta yangu ya zamani yenye tundu la DVI (tundu la zamani la picha ya kidijitali), kwa waya wa HDMI wenye kichwa cha DVI upande wa pili. Menyu inaonekana safi kabisa, ila nikiweka chaneli ya kulipia ya HD skrini inakuwa nyeusi, kisha yanatokea maandishi kuwa HDCP (kinga ya kuzuia picha isinakiliwe) haikubaliki. Waya nimebadilisha mara mbili, bado. Nikitumia nyaya tatu za komponenti, ile nyekundu, kijani na bluu, picha inakuja vizuri kwa 1080i (kiwango cha HD), sauti ndiyo navuta waya wake peke yake. Nahisi projekta haina HDCP, ndiyo maana king'amuzi kinazuia picha. Je, nibaki na komponenti au ninunue projekta nyingine? Na kwa umbali wa mita 10, komponenti haitapoteza ubora? Roho inaniuma kuiacha projekta hii, picha yake bado nzuri mno.