Tachipadi imeinuka na laptopu inatekenya ikiwa kwenye chaji: tatizo ni betri au chaja?

Kibodi_Moro
Wakuu, salaam. Mashine ni HP EliteBook 840 G3, ya mtumba. Tachipadi imepanda karibu milimita 2 upande mmoja, vitufe vyake vya chini havibonyezeki, na ukiiweka mezani inayumba. Jambo la pili: ikiwa kwenye chaji, ukipitisha vidole polepole juu ya mfuniko unahisi kama sisimizi wanatembea. Ukichomoa chaja, hali hiyo inaisha.

Chaja si ya asili, imeandikwa 19.5 V, 3.33 A. Amri ya Windows ya powercfg /batteryreport inaonyesha uwezo wa kiwandani 46,500 mWh na uliobaki 19,800. Matumizi ni ya mezani, chaja haichomolewi mchana kutwa.

Fundi mmoja kashauri betri itobolewe itoe gesi. Mwingine anadai chaja feki ndiyo iliyoivimbisha. Yupi yuko sahihi? Na je, inafaa kusukuma nayo hadi mwisho wa mwezi?

Sinza_Solda
Hakuna aliye sahihi kati ya hao wawili, na huyo wa kutoboa usimrudie tena.

Kwanza zima mashine. Izime kabisa, siyo kuilaza, kisha chomoa chaja. Kwenye modeli hiyo betri imekaa chini ya sehemu ya kuegemeza viganja, ndiyo maana tachipadi inasukumwa juu. Kila ukiibonyeza unakandamiza mfuko uliojaa gesi.

Ndani ya ule mfuko kuna matabaka membamba ya chanya na hasi yaliyotenganishwa na utando mwembamba kuliko karatasi. Ukipitisha sindano unayagusanisha, shoti inatokea ndani kwa ndani, joto linapanda kwa sekunde chache na kimiminika kilichomo kinashika moto. Moshi wake ni sumu. Gesi ikitoka bila moto, betri bado ni mbovu, kwa hiyo hujapata chochote.

Nyuki255
Kwani asiitumie tu kwa chaja bila kuchaji? Betri ikishajaa 100% si haiingizi umeme tena?

Sinza_Solda
Inaingiza, Nyuki. Betri ikishuka kidogo, saketi inaijaza tena. Na hata isipojazwa, kukaa imejaa pomoni karibu na joto la prosesa ndiko kunakoichosha kuliko kitu kingine. Mtoa mada kaeleza chanzo chake mwenyewe: chaja mchana kutwa, mashine ya miaka mingi.

Kutumia chaja peke yake inawezekana, ila betri itoke kwanza. Hatua ni hizi:

1. Hakikisha mashine imezimwa na chaja imechomolewa.
2. Legeza skrubu za kava la chini kwa bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa. Kava likikaza usitumie bisibisi bapa kulibandua, tumia kadi ya plastiki ukianzia upande wa mbali na betri.
3. Tenganisha betri na bodi kabla ya kugusa kitu kingine. Ikiwa ina waya, shika kichwa cha kiunganishi, usivute waya wenyewe. Ikishatengana, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi kumaliza chaji iliyobaki kwenye bodi.
4. Fungua skrubu za betri, inyanyue kwa pande zote mbili bila kuikunja. Ikigoma, acha, mpelekee fundi mwenye meza ya kazi hiyo.
5. Ziba vituo vyake vya umeme kwa utepe wa umeme, iweke kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje, kivulini, mbali na jiko na pikipiki.

Mafaili yako yako kwenye diski, siyo kwenye betri, kwa hiyo usiwashe mashine "mara moja tu nikopi". Betri ikishatoka utawasha kwa chaja na kukopi kwa raha. Kumbuka tu kwamba bila betri umeme ukikatika mashine inazimika papo hapo, hivyo hifadhi kazi kila dakika chache.

Mama_Soketi
Naongeza kwenye namba 5: isiishie kwenye shimo la taka. Kwetu taka zinachomwa jioni, na betri ya hivi ndani ya moto inalipuka. Walio Nairobi wana WEEE Centre inayopokea vitu hivi. Kwingine, uliza maduka ya mafundi wanaokusanya betri chakavu.

Na ikianza kufuka moshi au kuzomea wakati wa kuifungua, usihangaike kuokoa laptopu. Zima soketi ukutani, toa watu, fungua madirisha. Ukiweza kuikaribia salama, mwagia maji mengi. Watu wanaogopa maji kwa kusikia neno "lithiamu", lakini betri za aina hii hazina lithiamu ya metali kama wanavyodhani, na kazi ya maji hapa ni kupoza seli za jirani zisifuate.

Sasa kutekenya. Hilo ni jambo tofauti kabisa, halihusiani na betri. Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa laptopu, inapitisha mkondo mdogo mno. Mkondo huo unatakiwa kuteremka ardhini kupitia waya wa ethi. Ethi isipokuwepo, unatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni kidole chako. Kwa chaja nzima ni kero tu. Kwa chaja feki yenye insulesheni mbovu hujui mwisho wake.

Waya unaoingia kwenye chaja una matundu 2 au 3? Na unachomeka ukutani au kwenye ekstensheni?

Kibodi_Moro
Matundu matatu. Ekstensheni ya soketi nne.

Mama_Soketi
Nilitegemea hilo. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina matundu matatu usoni lakini ndani ya waya kuna nyaya mbili tu. Ichomoe ukutani kwanza, kisha weka mita kwenye alama ya omu: ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, nyingine kwenye tundu la juu la soketi. Isome karibu na 0. Isiposoma kitu, ethi haipo.

Soketi ya ukutani apime fundi umeme: kati ya laini (waya wenye umeme) na ethi isome karibu sawa na laini na nyutro (waya wa kurudishia umeme), yaani kama 230 V. Ikisoma chini sana au ikiyumbayumba, tatizo liko kwenye nyumba.

Fungua na plagi pia. Waya wa chaja unatosha fyuzi ya 3 A, ile nyekundu. Wengi wana ya 13 A, ambayo itauacha waya mwembamba uungue kabla yenyewe haijakatika.

Sinza_Solda
Kuhusu chaja kuvimbisha betri: chaja inaleta 19.5 V tu, anayeamua betri ipate kiasi gani ni saketi iliyo ndani ya laptopu. Ila usiisifu chaja kwa sababu mita inasoma 19.5. Bila mzigo hata mbovu inasoma hivyo, ukianza kazi nzito inaporomoka.

Betri ya kununua ni CS03XL, 11.4 V. Muuzaji akikupa CM03XL, hiyo ni ya matoleo ya zamani, 840 G1 na G2. SS03XL ni ya G5. Soma namba kwenye betri yenyewe, siyo kwenye boksi. Ukishaifunga, toa ripoti tena: isome karibu na 46,500. Ikisoma 30,000, irudishe siku hiyo hiyo. Chaji ya kwanza uwepo, usiiache usiku.

Baada ya hapo bonyeza F10 wakati wa kuwasha, uangalie kama BIOS yako (mipangilio ya msingi ya mashine) ina Battery Health Manager. Ikiwepo, chagua ile inayozuia chaji isifike 100%. Isipokuwepo, chomoa mwenyewe ikifika 80 na chomeka ikishuka 30 hivi. Mashine ikikaa kabatini wiki nyingi, iache na nusu ya chaji.

Na kabla ya kurudisha kava, safisha feni. Zuia mapanga yake kwa kijiti ndipo upulize, yasizunguke kwa kasi ya upepo na kuharibu beringi.

Kibodi_Moro
Betri imetoka, iko kwenye mchanga. Tachipadi imerudi chini yenyewe. Ekstensheni haisomi kitu kwenye ethi. Soketi ya ukutani: laini na nyutro 231, laini na ethi 229. Nimechomeka chaja ukutani moja kwa moja, kutekenya hakupo.

Mama_Soketi
Basi nyumba yako ni nzima. Hiyo ekstensheni ikate plagi kabla hujaitupa, kuna mtu ataiokota akachomekee pasi.