Mafundi, acheni kung'oa Zenith za Land Rover kwa kisingizio cha "kabureta imekufa"!

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo. Mwenye presha apite nyuzi nyingine.

Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, ile injini ya cc 2286 yenye kabureta ya Zenith, yaani kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Ilianza kutoa moshi mweusi, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga ekseleta) haikai, plagi ukizitoa zimejaa masizi tii. Nikaipeleka gereji moja hapa Arusha inayosifika kwa magari ya Mwingereza. Fundi kafungua boneti, kapiga resi mara mbili, bisibisi hajaishika, hukumu ikatoka: "Bosi, kabureta imekufa. Hizi Zenith spea hakuna tena. Nakufungia Weber ya koo mbili, gari itapaa." Weber ni kabureta ya kampuni nyingine, na koo ni njia ya hewa ndani yake.

Imepaa kweli, upande wa mafuta. Hili gari halijawahi kuwa la kubana matumizi, lakini kilomita 6 kwa lita nilikuwa nazipata nikiendesha kiungwana. Sasa nne nazitafuta kwa tochi. Ukikanyaga ekseleta kutoka chini linakohoa kwanza, linafikiria, ndipo linaondoka. Kwenye mlima gia ya pili inaomba msaada wa ya kwanza.

Sasa mafundi mlioko humu, tuelezane. Zenith 36IV ina ugonjwa wake unaojulikana na kila mtu aliyewahi kuifungua kwa akili. Kifuniko cha juu kinapinda kwa sababu watu wanakaza skrubu kama wanafunga nati za tairi. Na ndani, kati ya kifuniko na ile bloku inayobeba jeti (vitundu vya kupimia petroli), kuna oringi ndogo, pete ya mpira ya kuziba. Ikikauka au ikikatika, petroli inanyonywa kupitia pale bila kupimwa na jeti yoyote. Dalili yake hata mtoto wa gereji anaweza kuiona: unazungusha skrubu ya mchanganyiko ndani, unazungusha nje, injini haijali. Moshi mweusi uko pale pale.

Dawa? Oringi mpya. Halafu unatandika msasa laini juu ya kioo kilichonyooka, unasugua uso wa kifuniko taratibu kwa mzunguko mpaka alama za msasa zienee kote sawasawa, unafunga na gasketi mpya. Kazi ya mchana mmoja, na haigharimu hata robo ya hela niliyolipishwa. Hiyo ndiyo "kabureta imekufa" yenu!

Tuje kwenye kuchagua, maana hapa ndipo mnapotuumiza zaidi. Imani ya gereji zetu ni kwamba kabureta kubwa ni nguvu kubwa. Chukueni kalamu. Injini ya pistoni nne za mipigo minne inavuta hewa nusu ya ujazo wake kwa kila mzunguko. Kwa cc 2286 ni kama lita 1.14. Kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, ambako injini hii inatoa nguvu yake yote, ni lita 4,570 hivi kwa dakika, na hiyo ni kama silinda zinajaa kikamilifu, jambo ambalo injini ya zamani hii haiwezi. Weka asilimia 80, unapata kama lita 3,650. Koo moja ya Zenith inazimudu. Na nani anaendesha 109 kwa mizunguko 4,000? Kazi yake iko kwenye 1,500 hadi 2,500, imebeba magunia, iko kwenye tope. Huko chini, koo ikiwa pana kupita mahitaji, hewa inapita polepole, mvuto kwenye venturi (pale koo inapobanwa) unapungua, petroli inatoka matone matone badala ya ukungu. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kile kikohozi ninachokisikia kila nikikanyaga.

Sisemi Weber 32/36 ni mbaya. Ford waliifunga kwenye injini zao za lita 2 huko Ulaya na zilikimbia vizuri. Kwenye Land Rover pia inawezekana, lakini kwa bamba la kuunganishia lililochongwa vizuri, jeti zilizochaguliwa kwa injini hii, na mtu anayejua anachofanya. Mimi nilichofungiwa ni kopi. Weber halisi jeti zake zina namba: iliyoandikwa 140 ina tundu la milimita 1.40. Hizi zangu hazina namba yoyote, na moja ina mikwaruzo tunduni, imetanuliwa kwa waya!

Nikaendelea kukagua. Bomba la vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) linaloenda kwenye distribyuta, ile inayogawa umeme wa plagi, limezibwa kwa bolti. Limezibwa! Maana yake taimingi (wakati wa cheche kuwaka) haisogei mbele inavyotakiwa ninapotembea mwendo wa kawaida, halafu tunashangaa mafuta yanaenda wapi. Fito za ekseleta za Land Rover zimetolewa, badala yake kuna kebo ya breki ya baiskeli imefungwa kwa waya wa kuchomea. Nikapuliza maji kidogo pembeni ya lile bamba injini ikiwa silensa, ikayumba hapo hapo. Inavuta hewa.

Na hakuna aliyegusa kingine chochote. Kabureta ndiyo ya mwisho kuguswa, jamani. Kwanza tapeti (nafasi za vali), hii injini ni milimita 0.25 zote, vali za kuingiza na za kutoa. Kisha pointi za distribyuta, 0.35 hadi 0.40. Plagi, taimingi, uvujaji wa hewa. Hapo ndipo unapasha injini moto, unarudisha choki, unatafuta mchanganyiko pale inapozunguka vizuri zaidi, unashusha silensa, unarudia. Yule fundi wangu alishika skrubu ya mchanganyiko injini ikiwa baridi na choki imevutwa.

Halafu Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia kumi. Kabureta iliyosetiwa Dar ikipanda huku inamwaga petroli kupita kiasi. Fundi wa Arusha hajui hili?

La mwisho ndilo lililonitoa povu. Nilipodai Zenith yangu nikaambiwa "ilikuwa chuma chakavu bosi, tumetupa". Mnatupa wapi? Si ndizo hizo hizo zinarudi zimeoshwa, zimewekwa oringi, zinauzwa kwa mtu mwingine kama "orijino kutoka Uingereza"? Kitu kilichotolewa kwenye gari langu ni changu, hata kikiwa kimeoza.

NYONGEZA: Wanaoniuliza jina la gereji, sitaji, nataka kwanza nirudishiwe mali yangu. Mwenye Zenith 36IV imekaa stoo, hata kama kifuniko kimepinda kama chapati, anitafute inboksi, nitainyoosha mwenyewe. Na wale mnaojiandaa kuniambia nitoe injini niweke ya Toyota dizeli, tafadhali, si leo.