Kijana anakimbia kando ya barabara kuu kila jioni, mapafu yanapona au yanaumia?

MamaWawili: Wakuu habari zenu. Nina kijana wa miaka 15, amenogewa na jogingi, kila jioni anavaa raba zake anakimbia dakika 40 kando ya barabara kubwa, na jioni ndo foleni imeshona, malori yanatema moshi mweusi. Juzi karudi nikampa kitambaa cheupe ajifute uso, jamani kile kitambaa ungedhani kimefutia sufuria. Nikasema huo uso tu, huko ndani je? Halafu akishakaa anakohoa kohoa. Baba yake anasema mwache, mazoezi yanafungua mapafu. Mimi nataka aache. Nani yuko sahihi?

kocha_mstaafu: Mama wote mmepatia nusu. Mtu aliyekaa anavuta kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, akikimbia kwa nguvu zinafika 60 na zaidi, tena hapo anapumulia mdomo wakati pua ndo chujio lenyewe. Kwa hiyo moshi anaokula yeye si sawa na wa aliyekaa kwenye kiti hapo hapo barabarani. Ila usimkalishe ndani na simu, WHO wanataka umri wa miaka 5 mpaka 17 wapate angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku. Mhamishe njia tu. Akiingia mitaa ya ndani mita 200 hivi kutoka barabara kuu moshi wa magari unapungua sana, na aende alfajiri kabla magari hayajaanza kubanana.

Pumzi_Ndefu: Naongezea hapo kwa baba. Mazoezi hayatanui mapafu kihivyo, yanaimarisha misuli ya kupumulia na moyo, mwili unajua kuitumia vizuri oksijeni ileile. Mapafu yenyewe bado yanakua mpaka ishirini na kitu, ndo maana hewa ya umri huu sio ya kuchezea. Kusini mwa California walifuatilia watoto toka miaka 10 mpaka 18, ripoti ikatoka 2004, waliokulia kwenye hewa chafu mapafu yao yalikua kidogo kuliko wenzao. Kuna nyingine ya 2002 hukohuko, sehemu zenye gesi ya ozoni nyingi watoto waliocheza michezo mitatu na zaidi walipata pumu kuliko wasiocheza, ila palipokuwa na ozoni kidogo michezo haikuwa na shida yoyote. Ozoni hiyo inatokana na jua kupiga moshi, inapanda mchana na alasiri. Na habari njema, hewa ya kule iliposafishwa, watoto waliofuata mapafu yao yakakua vizuri zaidi, hiyo ni ya 2015.

kifua_chuma: Mie kilichonishtua ni hicho kikohozi. Dada, anakohoa akikimbia au akishasimama? Mimi nilikuwa hivyo nikiwa na miaka 13, nakimbia freshi, nikisimama dakika tano tu kifua kinabana, kocha akaniita mvivu miaka miwili kumbe ni pumu. Daktari alinipulizisha kwenye kamashine kabla na baada ya kukimbia akaiona. Sasa hivi napuliza inhela ya bluu dakika 15 kabla, napasha mwili taratibu, na mpira nacheza mpaka dakika 90.

mpita_njia77: Si avae barakoa tu yaishe

kocha_mstaafu: Ya kitambaa vumbi laini linapita tu, na ile nzito ya kuchuja mwambie mtu akimbie nayo dakika 40 uone kama hajaivua njiani 😂

MamaWawili: Nimemuuliza saa hizi, eti inaanza akishakaa, na kifua kinapiga kafilimbi. Alikuwa hasemi akihofia nitamkataza kukimbia. Jumatatu tunaenda hospitali. Baba yake nimemsomea yote, kaniomba simu asome mwenyewe.