Mada: Google na Facebook walazimishwe kuvilipa vyombo vyetu vya habari?

Mkazi wa Ilala: Wakuu, mwaka 2023 Canada walitunga sheria ya kuyabana makampuni ya mitandao yalipie habari. Google wakakubali kutoa dola milioni 100 za Canada kila mwaka. Australia walitangulia 2021. Huku kwetu matangazo yaliyokuwa yakilipa mishahara ya waandishi yamehamia Facebook na Instagram, hata fundi makochi wa Keko anajitangaza huko. Tunangoja nini?

Mbongo Toronto: Mkuu, umesimulia nusu. Facebook hawakulipa. Agosti 2023 waliondoa habari zote kwa watu wa Canada. Mwezi huohuo moto wa msituni ukawahamisha watu mji mzima wa Yellowknife, na ukitaka kumrushia ndugu yako habari ya gazeti kwa Facebook, haipiti. Mkiiga, jiandaeni na hilo.

Meza ya Magazeti: Google mnaionea. Mimi nauza magazeti, na aliyeniua ni redio. Alfajiri mtangazaji anafungua gazeti, anasoma hadi kurasa za ndani, tena kwa mbwembwe. Mteja akifika mezani anafunga mikono nyuma, anapitia vichwa vya habari, anasema "hii nimeshaisikia", anapanda daladala.

Sauti ya Asubuhi: Shikamoo mzee, ila hapo umenigusa. Nasoma magazeti redioni mwaka wa saba. Kijijini kwetu gazeti halifiki kabisa. Bila mimi bibi yangu asingejua bungeni kumesemwa nini. Gazeti nalitangaza bure, halafu naitwa muuaji?

Meza ya Magazeti: Marahaba. Unatangaza nini na umeshamaliza yote? Muuza supu haonjeshi bakuli zima.

Mama Junior: Kwani Mwakyembe akiwa waziri wa habari hakuagiza redio msome vichwa tu?

Sauti ya Asubuhi: Aliagiza, 2017. Sasa mzee atuambie, mauzo yake yalipanda? Gazeti zima linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hajapanga meza, na humo ndani hakuna redio.

Binti Pangani: Mnagombania gazeti kana kwamba limejiandika. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa stori. Juzi nimekwenda kwa wavuvi, bodaboda elfu nane mfukoni mwangu, nimeshinda juani nikisubiri ngalawa zirudi. Stori ikatoka. Asubuhi ikasomwa redioni. Saa nne mtu kaipiga picha, kidole gumba chake kinaonekana pembeni ya karatasi, sehemu yenye jina langu kaikata. Watu wakaisambaza siku nzima. Mimi nitalipwa stori moja, mwisho wa mwezi, wakikumbuka.

Blogu Yangu: Dada, usitufanye wote wezi. Nilikuwa na blogu ya habari za wilaya yetu, naandika mwenyewe. Zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, leseni ya blogu shilingi milioni moja, ukiacha ada ya maombi, nikafunga. Mwenye akaunti ya kunyofoa picha hakuguswa.

Binti Pangani: Sijamwita mtu mwizi. Nimesema jina langu limekatwa.

Sauti ya Asubuhi: Mimi jina la mwandishi nalitaja.

Binti Pangani: Lini, kaka? Nasikiliza redio kila siku. Mnasema "gazeti fulani linaandika". Gazeti halina miguu ya kwenda ufukweni.

Meza ya Magazeti: Na mjue stesheni nzima inanunua nakala moja. Wanakuja kwangu, nawajua.

Sauti ya Asubuhi: Mbili, mzee. Na siku nyingine kwa hela yangu.

Mbongo Toronto: Mada ilikuwa Google jamani.

Mkazi wa Ilala: Nimeiona. Lakini sasa nauliza tofauti: kabla hatujaifuata Google huko Marekani, stesheni inayosoma gazeti zima ilipe kiasi gani?

Binti Pangani: Na humo aliyepanda bodaboda apate ngapi?