Mama yangu yuko wapi sa hivi? Naomba mnisaidie

binti_wa_mwisho
Bwana asifiwe wapendwa. Mama yangu alilala miezi mitano iliyopita na tangu siku ile nina swali ambalo kila nikimuuliza mtu ananijibu kivyake. Mmoja anasema yuko mbinguni anatuangalia, mwingine anasema amelala hajui kitu mpaka parapanda ilie, mwingine akaniambia niache kulia maana kulia ni kukosa imani, na hilo ndo limeniuma kuliko yote kwa sababu aliniambia nikiwa bado nimeshika miwani ya mama mkononi. Mama alikua mtu wa maombi, Biblia yake kaipigia mistari ya penseli mpaka kurasa zimelainika kama kitambaa, kwaiyo sina hofu na hukumu yake. Ninachotaka kujua ni yuko wapi SASA, saa hii naandika? Na tukionana atanijua kama mwanae au ndo tutakua kama malaika hakuna kujuana? Kwenye simu kuna sauti alinirekodia siku tatu kabla, dakika moja na sekunde kumi, sijaifungua mpaka leo. Naogopa kuisikia, na naogopa pia kwamba nitasahau sauti yake. Tafadhali msinimwagie mistari mitupu, mingi naijua, nielezeni mnavyoelewa nyie wenyewe.

mkesha
Pole sana mdogo wangu. Mimi ni nesi, nimekaa na wengi usiku wao wa mwisho. Aliyekukataza kulia alikosea na naomba umsamehe ila usimsikilize. Soma Yohana 11 taratibu, Yesu alishawaambia wanafunzi wake kabla hata hawajaanza safari kwamba anaenda kumwamsha Lazaro, yani anajua kabisa baada ya muda mfupi mtu anatoka kaburini, na bado alipowaona wanalia na yeye akalia. Kama kulia ni kukosa imani basi tuseme nini kuhusu yeye? Na Paulo hakusema msihuzunike akaishia hapo, alisema msihuzunike kama wale wasio na matumaini. Huzuni ipo, ila ina mahali pa kuegemea.

Kitu kingine nilikigundua wodini nikimsomea mzee mmoja Zaburi 23. Mwanzo wote Daudi anamzungumzia Mungu, ananilaza, ananiongoza. Akifika bonde la uvuli wa mauti anabadilika, anamgeukia mwenyewe, "Wewe upo pamoja nami". Nilisimama pale pale sikuendelea. Sijui kuchora ramani ya huko mama alipo lakini bondeni hakupita peke yake.

Ngojea_Asubuhi
Pole dada. Mimi ni Msabato na nitasema tunavyoamini bila kuzunguka. Mama amelala. Mhubiri 9:5 wafu hawajui neno lolote, na Yesu mwenyewe kuhusu Lazaro alisema amelala, wanafunzi wasipoelewa ndo akawaambia waziwazi amekufa. Watu wanaona hili fundisho ni la baridi ila kwangu ni faraja kubwa mno. Baba yangu aliteseka sana na ugonjwa, nafurahi kwamba haoni tunavyohangaika huku wala hahesabu miaka. Alifumba macho, na kwake yeye kitu kinachofuata ni sauti ya Bwana, hata zikipita karne haoni katikati pana nini. Hata Wakristo wa mwanzo makaburi yao waliyaita kwa neno la Kigiriki linalomaanisha mahali pa kulala, kama bweni vile, na mtu halali bwenini ili akae humo milele.

mwanafunzi_wa_Neno
Kaka Ngojea nakuheshimu na hilo la bweni ni kweli kabisa, ila sikubaliani na wewe kwenye moja. Paulo kwenye Wafilipi 1 anasema anatamani kwenda zake akae na Kristo na kwamba hiyo ni bora sana. Mtu aliyemjua Kristo vile, aone bora kutojua kitu kuliko kuendelea kumtumikia? Mi siioni hivo. Na yule mhalifu msalabani aliambiwa LEO utakuwa pamoja nami peponi. Najua mtasema koma ihamishwe ikae baada ya leo, isomeke "nakuambia leo", ni kweli maandiko ya kale hayakua na alama hizo, lakini Yesu kasema "amin nakuambia" mara nyingi tu na hakuna pengine alipohitaji kuongeza kwamba anasema leo.

Dada usishangae watu kukujibu tofauti, kanisa lenyewe limebishana mno hapa. Papa Yohane XXII alihubiri kuanzia 1331 kwamba roho za watakatifu haziuoni uso wa Mungu mpaka siku ya mwisho, wanateolojia wakampinga vikali, akaja kulikana akiwa kitandani anakufa 1334, na mrithi wake Benedikto XII akalifunga suala kwa tamko la 1336. Hata kwa viongozi wa mwanzo wa Waprotestanti, Luther mara nyingi aliongelea kifo kama usingizi, Calvin akaandika kupinga kabisa usingizi wa roho.

Ila angalia wote hao hawakubishana nini. Wote wanangoja UFUFUO. Kanuni ya Imani ya mwaka 381 haimalizii na kwenda mbinguni, inamalizia na kungojea ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao. Tumezoea kusema marehemu amefika, mi naona hajafika bado, yuko salama kwa Bwana anangoja kama sisi tunavyongoja. Yesu alifufuka na mwili, alikula samaki mbele yao, alama za misumari zilikuwepo mikononi, akasema roho haina nyama na mifupa. Kwaiyo unachotumaini sio mama kama moshi unaelea huko juu. Ni mama na mikono yake.

mama_wa_watatu
Mimi wa kwangu wawili wapo na mmoja alitangulia, ana miaka sita sasa tangu aende, ila nikiulizwa nina wangapi nasema watatu.

Swali lako la kujuana hawajaligusa. Ile ya kama malaika Yesu aliulizwa kuhusu kuoa na kuolewa, hakusema tutasahauliana. Mimi nimeshikilia Yohana 20. Mariamu Magdalene kasimama kaburini analia, Yesu yuko mbele yake kabisa na hamtambui, anadhani ni mtunza bustani, anaongea nae na bado hamtambui. Yesu akasema neno moja tu, "Mariamu". Jina lake. Hapo hapo akageuka akamjua. Miaka ya mwanzo nilikua naisoma hiyo sura kila usiku naishia hapo kwenye jina, siendelei. Yesu alikipitia kifo mwenyewe na akatoka upande wa pili bado anamjua mtu kwa jina, kwaiyo mwanangu simhesabu kama aliyepotea, na mama yako hivo hivo mwanangu.

binti_wa_mwisho
Nimesoma zote, nimelia, ila kilio cha leo ni tofauti. @mwanafunzi_wa_Neno hiyo ya mikono yake imenikamata, mama alikua na kovu kidole gumba cha kushoto na sikuwahi kufikiria kwamba naweza kulitumaini na lenyewe. @Ngojea_Asubuhi sijui kama nakubaliana na wewe lakini asante kwa habari za mzee wako. Kwenye Biblia ya mama nimeenda kuangalia Yohana 20, kapiga mstari chini ya hilo jina Mariamu, mistari miwili kabisa.

Mama wa watatu, baada ya kusoma yako nimefungua ile sauti. Anaanza kwa kuniita jina langu lote kama alivyokua akiniita akitaka nimsikilize vizuri. Nimeishia hapo. Iliyobaki nitasikiliza kesho mchana nikiwa na dada yangu.